Mwalimu Mwenyeji na Lugha ya Darasa: Kuandaliwa kwa Walimu wa Shule za Vijijini Kisii na Nyamira

Makala haya yanakusudia kuchunguza namna walimu wenyeji walivyopatikana na kuandaliwa kwa ajili ya shule za vijijini katika nchi ya Wagusii, yaani wilaya ya zamani ya Kisii ambayo leo ni kaunti mbili za Kisii na Nyamira. Historia ya elimu ya Kenya imekwisha kuandikwa na wengi, na aghalabu husimuliwa kwa kufuata tume na ripoti zake. Ripoti hizo hatuwezi kuziepuka, lakini swali letu ni jembamba zaidi, nalo ni swali la lugha. Tangu shule za mwanzo mwalimu mwenyeji alitafutwa kwa sababu aliweza kusema na watoto kwa lugha ya nyumbani kwao. Tunalotaka kulionyesha ni kwamba ujuzi huo uliomfanya atafutwe ndio ambao haukufanywa sehemu ya maandalizi yake, au ulifanywa hivyo kwa nadra sana. Ulihesabiwa kuwa kitu alichozaliwa nacho, na kwa hiyo haikuonekana haja ya kumfundisha namna ya kuutumia.

Kwanza tuseme machache juu ya mahali penyewe. Hadi mwaka 1961 Wagusii walitawaliwa pamoja na majirani zao Waluo wa kusini katika wilaya moja, iliyoitwa Kavirondo ya Kusini na baadaye Nyanza ya Kusini, ambayo boma lake lilikuwa mjini Kisii. Mwaka huo Kisii ikawa wilaya ya peke yake. Nyamira ilikatwa kutoka Kisii mwaka 1989, na baada ya uchaguzi wa 2013 zote mbili zikawa kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Ni nchi ya vilima, mvua nyingi na mashamba madogo, na watu wake ni wengi kwa eneo: sensa ya 1979 iliwahesabu karibu 870,000 katika wilaya nzima. Lugha yao, ambayo wenyewe huiita Ekegusii na sisi katika makala haya tutaiita Kigusii, ni ya Kibantu, ilhali jirani zao wa magharibi husema Dholuo na wa mashariki husema Kikipsigis, lugha mbili zisizo za Kibantu. Msomaji akumbuke jambo hili, maana ndilo mwanzo wa matatizo yote tutakayoyaeleza.

Misheni mbili zilizotangulia kufungua shule katika Gusii ziliingia kwa kupitia kwa Waluo. Waadventista Wasabato walianza kazi Gendia, kando ya Ziwa, mwaka 1906. Aliyewaongoza alikuwa Arthur Carscallen, mzaliwa wa Kanada, naye alifuatana na Peter Nyambo, kijana Mwafrika kutoka Nyasaland, nchi ambayo leo ni Malawi. Hivyo mmoja wa walimu Waafrika wa kwanza katika wilaya hii alikuwa mtu aliyetoka mbali kuliko hata Mswahili wa pwani. Wakatoliki wa shirika la Mill Hill walitokea Uganda, ambako makao yao makuu yalikuwa, wakapitia Kisumu na kuweka kituo Nyabururu, karibu na mji wa Kisii, mwaka 1911. Waadventista nao wakajenga Nyanchwa, upande wa pili wa mji, muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza.

Wamisionari hao walikuwa wamekwisha kujifunza Dholuo kabla ya kuwafikia Wagusii. Carscallen alitunga sarufi ya lugha hiyo, na mwaka 1913 mtambo wa kupigia chapa uliwekwa Gendia. Basi vitabu vilivyokuwapo vilikuwa vya Kiluo, na walimu waliokwisha kusoma walikuwa Waluo, nao ndio waliotumwa kupanda milima ya Gusii. Kwa miaka mingi Mgusii aliyetaka kusoma katekisimu au kuimba kanisani alilazimika kufanya hivyo kwa Dholuo. Wamisionari hawakuona ajabu katika hilo, kwa kuwa serikali yenyewe iliwaita watu wote wa sehemu hizo Wakavirondo, jina moja kwa Wabantu na wasio Wabantu. Kwa mtoto wa Nyaribari au Kitutu, hata hivyo, lugha isiyokuwa na ngeli wala viambishi vya aina aliyoizoea haikuwa karibu naye kuliko Kiingereza. Kinyongo kilichotokana na hali hii kimeacha alama katika kumbukumbu za wazee na katika maandishi ya historia ya makanisa yote mawili. Wagusii walipodai walimu wao wenyewe, neno «wetu» katika madai hayo lilimaanisha kwanza kabisa mtu anayesema Kigusii.

Madai hayo hayakutokea mara moja. Miaka ya kwanza wazazi wengi hawakutaka kutoa watoto, na hasa watoto waliokuwa na kazi ya kuchunga ng'ombe. Wagusii walikuwa wamepigwa vibaya na majeshi ya Waingereza mwaka 1905 na tena mwaka 1908, na shule ilionekana kuwa mkono mwingine wa serikali ile ile. Septemba 1914, Wajerumani walipoingia Kisii na maofisa wa Kiingereza kuondoka kwa siku chache, watu walilivamia boma na misheni za Nyabururu na Nyanchwa wakachukua kila kilichochukulika. Kazi ya shule ilirudi nyuma kwa miaka kadhaa. Iliporejeshwa, iliendeshwa zaidi na wavulana wachache waliokuwa wamekaa misheni kabla ya vita. Hao ndio walimu wenyeji wa kwanza. Walijua kusoma, kuandika kidogo na kuhesabu, na kila mmoja alirudishwa kwenye ukoo wake afungue shule tanzu chini ya mti au katika kibanda cha nyasi. Maandalizi yao yalikuwa ni kule kukaa misheni tu. Mtu alijifunza ualimu kwa kumtazama padri au mchungaji akifundisha, kama vile kijana wa Kigusii alivyojifunza kuchonga mawe ya Tabaka kwa kumtazama mjomba wake.

Njia hiyo ya kujifunza isidharauliwe. Robert na Barbara LeVine, waliofanya utafiti katika Gusii miaka ya 1955 hadi 1957, walionyesha kwamba mtoto wa huko hufundishwa nyumbani kwa kutazama na kutumwa kuliko kwa kuelezwa kwa maneno. Ila ina upungufu wake: mwanafunzi huiga pia makosa ya mwalimu, na aliyefundishwa kwa Dholuo au kwa Kiingereza cha kukariri aliporudi kijijini alikuwa na kielelezo cha kukariri tu. Aliweza kuwafasiria watoto alichokikariri kwa Kigusii, lakini kufasiri ni kazi moja na kufundisha kusoma kwa Kigusii ni kazi nyingine.

Sera ya lugha iliyotangazwa ilikuwa nzuri kuliko hali yenyewe. Mkutano wa wamisionari uliofanyika Nairobi mwaka 1909 ulipendekeza lugha ya mama itumike katika madarasa matatu ya mwanzo, Kiswahili katika mawili ya kati, kisha Kiingereza. Tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika ya Mashariki mwaka 1924 ikiongozwa na Thomas Jesse Jones na kumjumuisha Mwafrika mashuhuri James Aggrey wa Gold Coast, nayo ilitilia mkazo lugha za nyumbani na elimu inayohusu maisha ya kijiji. Tunda lake kubwa lilikuwa Shule ya Jeanes iliyofunguliwa Kabete mwaka 1925, J. W. C. Dougall akiwa mkuu wake wa kwanza. Jina hilo lilitoka kwa Anna Jeanes wa Philadelphia, ambaye mali yake ilitumika kuwalipa walimu waliozungukia shule za Weusi vijijini kusini mwa Marekani. Misheni zilitakiwa zichague walimu waliokwisha kufanya kazi, nao walikwenda Kabete pamoja na wake zao na watoto, wakajifunza afya, kilimo, ufundi na namna ya kusimamia shule ndogo, kisha wakarudi kwao kuwa waangalizi wa shule kadhaa kwa pamoja.

Mpango wa Jeanes ulikuwa wa busara kwa jambo moja, nalo ni kwamba ulianza na mwalimu aliyekwisha kukubaliwa na watu wake na kumpa maarifa baadaye. Wakosoaji wake Waafrika waliona, na si bila sababu, kwamba elimu ya jembe na choo ilikusudiwa kumweka Mwafrika mahali pake. Hoja yetu ni nyingine. Shule iliyokusanya chini ya paa moja walimu wa lugha nyingi mbalimbali haikuweza kumfundisha kila mmoja namna ya kuitumia lugha yake darasani. Kabete aliweza kujifunza kuchimba kisima, lakini Kigusii alikikuta nyumbani kama alivyokiacha. Vita Kuu ya Pili vilipoanza mwaka 1939 majengo yakachukuliwa na jeshi, na mpango ukafikia mwisho wake.

Wakati huo watu wenyewe walikuwa wamekwisha kubadili nia. Mabaraza ya Wenyeji yaliyoundwa katikati ya miaka ya 1920 yaliwapa wazee nafasi ya kutoza kodi na kuitumia kwa mambo yao, na moja ya mambo hayo likawa shule isiyokuwa ya dhehebu lolote. Shule ya Serikali ya Kisii, ambayo leo ni Kisii School, ilianza katikati ya miaka ya 1930. Lakini ualimu wenyewe uliendelea kuwa mikononi mwa makanisa. Kijana Mwadventista alikwenda Kamagambo na Mkatoliki akaenda Asumbi. Vyuo hivyo viwili, vilivyowaandaa walimu wengi sana wa Gusii, viko katika nchi ya Waluo, na leo kimoja kimo katika kaunti ya Migori na kingine Homa Bay. Aliyetaka chuo cha serikali alikwenda Siriba, karibu na Maseno. Kwa hiyo mwalimu mwenyeji wa Gusii aliandaliwa ugenini, kwa Kiingereza, akizungukwa na Dholuo. Wengi walirudi wakijua lugha tatu au nne vizuri sana, jambo ambalo ni sifa. Hata hivyo ile iliyowangoja darasani ndiyo ambayo haikuguswa.

Hapa hatuna budi kukaa kidogo juu ya Ripoti ya Beecher ya mwaka 1949, maana athari yake ilidumu kuliko ya nyingine. Askofu Mkuu wa baadaye Leonard Beecher na wenzake walipendekeza muundo wa miaka minne ya shule ya msingi, minne ya kati na minne ya sekondari, na upanuzi wa mafunzo ya ualimu ili shule za chini zipate walimu wa kutosha wenye cheti. Walimu walipangwa kwa madaraja. T4 alikuwa mtu aliyemaliza shule ya msingi tu au aliyeshindwa mtihani wa kumalizia shule ya kati, kisha akafunzwa miaka miwili. T3 alikuwa na elimu ya shule ya kati, na T2 na T1 walikuwa wamepanda juu zaidi. Baada ya uhuru herufi ilibadilika ikawa P, lakini ngazi zilibaki zile zile.

Tazama sasa ngazi hizo zilivyokutana na lugha. Madarasa ya chini, ambayo lugha yake ilikuwa Kigusii, yalipewa T4, na kadiri mwanafunzi alivyopanda ndivyo lugha ilivyokuwa Kiingereza na mwalimu akawa wa daraja la juu. Hakuna ripoti iliyotamka kwamba lugha ya mama ni kazi ya mwalimu dhaifu, lakini mpangilio wa mishahara ulilitamka jambo hilo kila mwisho wa mwezi. Mwalimu hodari alipopandishwa cheo aliondolewa darasa la kwanza. Kufundisha kwa Kigusii kukawa alama ya mtu ambaye hakufika mbali. Tunaamini kwamba chuki ya walimu wengi kwa lugha za nyumbani, ambayo mara nyingi huelezwa kuwa ni kasumba ya kikoloni, ina mzizi wake zaidi katika hesabu hii ya vyeo.

Na Kiswahili? Ripoti ya Binns ya mwaka 1952 ilipendekeza kisifundishwe mahali ambapo si lugha ya wenyeji, kwa madai kwamba kinazuia maendeleo ya lugha za mama na ya Kiingereza pia. Katika Gusii kikabaki lugha ya soko la Kisii, ya polisi, na ya watu waliorudi kutoka mashamba ya chai ya Kericho. Mwaka 1957 ukaanza Nairobi mpango wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, na ukaenea upesi kwa sababu wazazi waliupenda. Tume ya Elimu ya Kenya ya mwaka 1964, iliyoongozwa na Profesa Simeon Ominde, iliunga mkono Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia, ikataka Kiswahili kiwe somo la lazima, na lugha za mama zikapata nafasi ya kipindi cha hadithi.

Mtu anaweza kuuliza: mwalimu aliyezaliwa Mgusii angefundishwa nini juu ya Kigusii ambacho hakukijua? Swali hili ni la haki na linastahili jibu la mifano. Kigusii kina irabu saba, ilhali tahajia iliyozoeleka ina herufi tano tu. Herufi e inasimama kwa sauti mbili, na o vilevile. Msemaji hutofautisha sauti hizo bila kufikiri, lakini mtoto anayejifunza kusoma hukutana na herufi moja yenye sauti mbili, na mwalimu asiyeambiwa habari hii humwona mtoto kuwa mzito. Tena kuna ile inayoitwa na wanaisimu Kanuni ya Dahl. Kiambishi awali cha ngeli inayolingana na KI- ya Kiswahili hutamkwa eke- mbele ya konsonanti ghuna, kama katika ekerogo, yaani kiti, lakini hugeuka ege- mbele ya konsonanti isiyo ghuna, kama katika egesaku, yaani kabila. Hata neno la kigeni halisamehewi: kitabu kilipoingia Gusii kikawa egetabu. Mtoto anayeandika Kiswahili na kutia g mahali pa k hajakosa akili, bali anatii sheria ya lugha yake. Ndivyo ilivyo kwa anayeandika kurara badala ya kulala, kwa kuwa Kigusii hakitenganishi r na l. Mwalimu aliyefunzwa kuyaona haya angeweza kuyatumia kama daraja. Angeonyesha kwamba omwana na abana ni ndugu wa mwana na wana, na kwamba ngeli ambazo Mluo au Mkipsigis huzitolea jasho, mtoto wa Kigusii huja nazo shuleni tayari.

Zaidi ya hayo, Kigusii si kimoja. Kuna Kirogoro, ambacho ndicho kilichochukuliwa kuwa lugha ya vitabu na kanisa, na kuna Kimaate cha upande wa kusini, hasa Mugirango ya Kusini. Mwalimu wa Nyamira akipelekwa huko ni mwenyeji kwa kabila, lakini baadhi ya maneno ya watoto ni mapya kwake.

Elimu ya mambo haya haikukosekana duniani. W. H. Whiteley, ambaye wasomaji wa jarida la namna hii wanamjua kwa kazi zake za Kiswahili, alichapisha mwaka 1960 uchunguzi wa mfumo wa njeo za Kigusii. Mwandishi wa makala haya alipokuwa masomoni ng'ambo alikikuta Kigusii katika vitabu vya isimu, kikitolewa mfano kwa heshima kubwa, na akajiuliza ni walimu wangapi wa Bobasi au Bomachoge waliopata kuambiwa kwamba lugha yao ina jambo la kujivunia. Maarifa yalivuka bahari bila kupanda kilima cha kwenda chuoni.

Chuo chenyewe kilifika mwaka 1965, pale Chuo cha Ualimu cha Kisii kilipofunguliwa kwa ajili ya walimu wa shule za msingi, juu ya shamba la ekari 61 lililotolewa na Baraza la Kaunti ya Gusii. Miaka miwili baadaye, 1967, ikaundwa Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC), jambo ambalo Chama cha Kitaifa cha Walimu (KNUT), kilichoanzishwa mwaka 1957, kilikuwa kimelipigania kwa migomo, kwa sababu hadi hapo walimu waliajiriwa na waajiri mbalimbali, wengine makanisa na wengine mabaraza, kila mmoja kwa masharti yake. Kwa mara ya kwanza mwalimu wa kijiji aliweza kugombana na padri bila kupoteza kazi. Chuo cha Kisii kilifundisha walimu wa msingi kwa miaka 18. Mwaka 1983 kikapandishwa daraja kuwa chuo cha diploma cha walimu wa sekondari, mwaka 1994 kikachukuliwa na Chuo Kikuu cha Egerton, na mwaka 2013 kikapewa hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Kisii. Ni maendeleo ambayo kila mtu wa huko huyafurahia, nasi pia. Lakini kupanda kwake kulirudia mfano ule ule wa Beecher: taasisi ilipoimarika iliondoka darasa la kwanza.

Katikati ya miaka hiyo likatokea jambo kubwa kuliko yote. Desemba 1973 Rais Kenyatta alitangaza kwamba karo imefutwa kwa madarasa manne ya kwanza tangu Januari 1974. Nchini kote watoto wa darasa la kwanza waliongezeka kutoka karibu 380,000 hadi karibu 960,000, na wanafunzi wote wa msingi kutoka milioni 1.8 hadi milioni 2.8. Walimu waliokuwapo walikuwa 56,000, na kati yao 12,600 hawakuwa na mafunzo. Zilihitajika nafasi 25,000 mara moja. Kufikia mwaka 1975 walimu wasio na mafunzo walikuwa 40,000 kati ya 90,000 hivi.

Katika Gusii, ambako watoto walikuwa wengi mno na shule za harambee zilikuwa zimekwisha kutoa vijana wengi wa kidato cha nne wasio na kazi, nafasi hizo zilijazwa na majirani. Kamati za shule, machifu na makanisa yaliyodhamini shule walikuwa na sauti katika kupendekeza nani achukuliwe, na si ajabu kwamba ukoo ulitazamwa pamoja na cheti, na pengine kabla yake. Walioliita jambo hili upendeleo hawakukosea. Lakini ni vyema kukumbuka kwamba hii ilikuwa mara ya kwanza kwa watoto wengi sana kufundishwa na mtu aliyejua nyumbani kwao, mama zao, na sababu ya kuchelewa asubuhi. Kwa upande wa uwenyeji hakuna kizazi cha walimu kilichowapita hawa. Kwa upande wa maandalizi walikuwa kama wale wavulana wa misheni wa miaka ya 1920: waliingia darasani kwanza na kufundishwa baadaye, kwa kozi za likizo zilizochukua miaka. Wenzao wa daraja la P3 waliotaka kupanda walisoma kwa posta na redio kupitia kitengo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kilichokuwa Kikuyu. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilirudisha lugha ya eneo katika madarasa matatu ya mwanzo, na vitabu vya mfululizo wa Tujifunze Kusoma Kikwetu vikawa msaada wao mkubwa. (Jina la vitabu vya lugha za mama lilikuwa la Kiswahili, na hakuna aliyelalamika.) Hata hivyo katika mtihani wa cheti cha ualimu wa msingi lugha ya mama haikuwa somo la kutahiniwa, na kila mwalimu anajua kwamba kisichotahiniwa hakisomwi.

Juu ya walimu wa kike hatuna mengi ya kusema hapa, ingawa yapo mengi. Inatosha kutaja kwamba kwa muda mrefu waliofundisha lugha ya mama walikuwa wanaume, kwa kuwa misheni zilianza na wavulana na wasichana waliozwa mapema. Wanawake walipoingia kazini kwa wingi, madarasa ya chini yaliachwa kwao, na dharau ya cheo tuliyoieleza ikafuatana nao.

Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la mtihani katika shule za msingi. Kwetu sisi walimu wa Kiswahili ilikuwa sherehe. Kwa mwalimu wa kijijini ilikuwa taabu, kwani wengi wao hawakuwahi kukitahiniwa Kiswahili walipokuwa wanafunzi. Walifundisha ngeli kwa kukariri majedwali, bila kujua kwamba walikuwa wakizitumia ngeli zinazofanana nazo kila walipofungua kinywa nyumbani. Ingekuwa rahisi kuwalaumu. Lakini nani alikuwa amewaambia?

Kuanzia mwaka 1998 serikali iliacha kuajiri moja kwa moja kila aliyehitimu chuo, na tangu 2001 kazi ya kuchagua walimu ikakabidhiwa bodi za shule na za wilaya. Elimu ya msingi bila malipo ilipotangazwa tena mwaka 2003, wanafunzi nchini walipanda kutoka milioni 5.9 hivi hadi zaidi ya milioni 7, na wazazi wakalazimika kuchanga ili wawalipe vijana wa karibu. Safari hii wengi wa vijana hao walikuwa na cheti cha P1 na hawakuwa na kazi, wakifundisha kwa ujira mdogo wakingoja Tume. Mwaka 2018 Tume yenyewe ilianza kuwahamisha walimu, wakuu wa shule kwanza, nje ya kaunti zao, kwa hoja ya umoja wa taifa na kuvunja undugu katika uongozi wa shule. Walimu wa Kisii na Nyamira walijikuta mbali na nyumbani, na wageni wakaletwa kwao. Malalamiko yalikuwa mengi, Bunge likapitisha hoja ya kuupinga mpango huo, na tangu mwishoni mwa 2022 Tume ikaanza kuwaruhusu waliohamishwa kurudi. Katika mjadala huo mrefu yalizungumzwa magonjwa, ndoa zilizotengana na gharama za kupanga nyumba. Lugha ya mtoto wa darasa la kwanza ilitajwa kwa nadra, ilhali mtaala ulioanza kutumika mwaka 2019 unataka lugha ya eneo ifundishwe katika gredi tatu za mwanzo.

Wakati huo huo cheti cha P1 kimeondolewa na mahali pake pamechukuliwa na diploma ya miaka mitatu, inayotaka alama ya C katika mtihani wa kidato cha nne. Ubora wa kiwango hicho haukataliki, ingawa kilipoanza kutumika idadi ya waliojiunga na vyuo ilishuka sana, na masharti ya alama za kila somo yakabidi yalegezwe. Nyamira sasa ina chuo chake cha ualimu wa msingi huko Borabu, na Gusii kwa ujumla haikosi tena mahali pa kuandaa walimu. Mwalimu mtarajiwa wa Borabu ataishi miaka mitatu mahali ambapo kila mtu sokoni husema Kigusii, umbali mfupi na mpaka wa Wakipsigis. Katika Chuo Kikuu cha Kisii kuna wanaisimu wanaojua irabu zile saba ni zipi. Kutoka huko hadi Borabu ni mwendo wa matatu moja au mbili, na kupeleka somo la saa chache kwa muhula kuhusu sauti na tahajia ya Kigusii hakuhitaji tume wala ripoti.